Maneno Niliyookota Mlimani

Neno "blister" nilipewa Horombo, kambi ya mlima Kilimanjaro iliyo mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, jioni moja ya Agosti, nikiwa nimebeba beseni la maji ya moto. Mgeni wetu, mama mmoja kutoka Uskoti, alikuwa ameketi kwenye ngazi za kibanda, kiatu kimoja amekivua. Nilipomwekea beseni miguuni alinionyesha kisigino akasema, "Look, a blister." Nikaangalia. Lengelenge la ukubwa wa sarafu, limejaa maji, pembeni pamekuwa pekundu. Hakuna aliyenitafsiria na sikuhitaji. Nilirudi jikoni nikilirudia neno lile mdomoni, kama mtoto aliyetumwa dukani anayeogopa kusahau alichotumwa.

Nilikuwa mpagazi mpya, safari yangu ya tatu mlimani, kidato cha nne nimemaliza mwaka uliotangulia. Sisi wa Marangu tulikua na lugha kwa zamu: nyumbani Kichagga, shule ya msingi Kiswahili, kisha siku ya kwanza ya sekondari kila kitu kikageuka Kiingereza, isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Miaka minne nilinakili ubaoni. Ningeweza kuandika "photosynthesis" bila kukosea herufi hata moja, na kueleza sababu za mapinduzi ya viwanda Ulaya kwa hoja tano, maana hoja tano ndizo zilizotakiwa. Lakini mtu akiniuliza kwa Kiingereza kama nimelala vizuri, naganda. Sikuwahi kufundishwa lengelenge, kizunguzungu, ganzi, kukwama, kuvuja, kuteleza. Maneno ambayo binadamu anayahitaji kutwa nzima hayakuwa na mtihani, kwa hiyo hayakuwa na mwalimu.

Walimu wetu siwalaumu. Walikuwa wakieleza somo kwa Kiswahili ili tuelewe, halafu wakiandika muhtasari kwa Kiingereza ili tufaulu. Kila mmoja wao alijua anachokifanya, na bila huo Kiswahili cha pembeni wengi wetu tusingefika popote. Ila matokeo yake Kiingereza kikawa kitu cha kuandikwa tu. Kilikaa daftarini kimya. Sikuwahi kumsikia mtu akikitumia kuomba chumvi.

Mlimani kilikuwa na sauti, na kilikuja kwa kasi.

Kilimanjaro wapagazi tunaitana wagumu. Mzigo wa mgumu unapimwa getini, usizidi kilo 20, na wageni wakishakula usiku ndipo sisi tunapata nafasi ya kukaa na kuzungumza. Kundi letu liliongozwa na mzee mmoja aliyeanza kupanda tangu miaka ya sabini. Shule aliishia darasa la nne. Kiingereza chake kilikuwa cha maneno madogo madogo, kila moja limekaa mahali pake, na wageni walimwelewa mara moja bila kukunja uso. Nilipomsimulia habari ya lile lengelenge aliniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Alilisema anacheka au anaugulia?"

"Alikuwa anacheka kidogo, mzee."

"Basi kaandike hivyohivyo. Mama wa Uskoti, Horombo, siku ya pili, anacheka. Ukiandika neno peke yake litakukimbia."

Niliposhuka nikanunua daftari dogo pale Marangu Mtoni, na tangu hapo sijakaa bila daftari. Nina saba sasa. Kila neno nililiandikia aliyelisema, mahali, na kilichokuwa kinaendelea; maana niliiandika mwisho, tena mara nyingi siku kadhaa baadaye, nikishalisikia kwa mtu wa pili. "Drizzle": baba wa Kanada, msituni juu ya kambi ya Mandara, mvua ambayo hubishani nayo, unatembea tu. "Leak": chupa ya maji ndani ya begi, mzee amekasirika, godoro la mgeni limelowa. "Stuck": zipu ya mfuko wa kulalia, dada wa Australia, saa sita usiku, baridi, mikono inatetemeka. Hilo la mwisho nilikuja kulisikia tena Moshi mjini, mgeni yuko kwenye foleni ya magari, na safari nyingine mtu akisema kwamba kazi aliyonayo kwao imemfanya awe "stuck". Zipu, gari, maisha. Kiswahili nacho kinasema kukwama kwa vyote vitatu, nikafurahi kana kwamba nimekutana na ndugu ugenini.

Najua wapo wanaokariri maneno ishirini kwa siku kutoka kwenye orodha. Nilijaribu msimu mmoja wa mvua. Baada ya wiki mbili nilibaki na maneno matatu, na yote matatu nilikuwa nimeshayasikia kwa mtu.

Kabla ya maneno magumu, aliyenisumbua ni mguu. Kwetu mguu unaanzia nyongani unaishia vidoleni, basi. Mwingereza anaukata vipande viwili, "leg" na "foot", na ukichanganya umempeleka mtu pasipo. Pale Mandara kijana mmoja alilalamika kwamba "foot" yake inamuua. Nikamkimbilia mzee: "Mzee, mgeni mguu unamuua." Mzee akaja na bandeji ya goti na dawa ya kuchua, akapiga magoti, akashika goti la yule kijana, na kijana akamtazama asielewe. Tatizo lilikuwa kwenye unyayo. Mkono nao wanaukata: "hand" na "arm". Kidole cha mkononi kina jina lake na cha mguuni lake. Saa ya mkononi si saa ya ukutani, na zote mbili si saa ya kuhesabu muda. Kivuli cha mti unachopumzika chini yake ni "shade", kivuli chako mwenyewe kinachokufuata ni "shadow".

Kwa muda niliona Kiingereza ndicho chenye hazina na sisi ndio maskini. Lakini jioni moja nilimsikia mpishi wetu akimweleza mgeni chakula, na mgeni akashangaa kujua kwamba kile anachokiita "rice" sisi tunakiita mpunga kikiwa shambani, mchele kikiwa guniani, na wali kikiwa sahanini. Mgeni akatoa kalamu akaandika. Nikamweleza pia kwamba "uncle" wake kwetu ni watu tofauti kabisa: mjomba ana nafasi yake, baba mdogo ana yake, na ukiwachanganya kwenye kikao cha harusi utaitwa pembeni. Kila lugha imekata dunia mahali ilipohitaji kukata. Anayejifunza anatakiwa ajue kisu kinapita wapi, na hilo halionekani ukiwa umebeba neno mojamoja na tafsiri yake mkononi.

Suala la saa kila Mswahili analijua, lakini acha nilitaje maana ndilo lililonifungulia mlango wa jambo nilipendalo kuliko yote. Niliwatangazia wageni wawili kwamba kifungua kinywa ni "at one". Nilimaanisha saa moja asubuhi. Wao walilala hadi tukawagongea, uji umeshapoa na bisi za jana ndizo zilizobaki mezani. Mzee alinirekebisha bila kunifokea. Yule mgeni wa kike, kwa kunifariji nadhani, akaniuliza kama najua neno "breakfast" limetoka wapi. Akaligawa kwa kidole hewani: "break", vunja, "fast", saumu. Usiku kucha mtu hajala, asubuhi anaivunja saumu.

Mgumu mwenzangu, mtu wa Tanga, Mwislamu, alikuwa amesimama karibu na birika. Nilipomfasiria alitikisa kichwa: "Kumbe wanafuturu kila siku asubuhi." Na ni kweli kuliko alivyodhani, maana kwa Waarabu neno la chakula cha asubuhi na la kufuturu limetoka katika mzizi mmoja.

Hilo "fast" halikuniachia. Nilikuwa nalijua kwa maana ya haraka. Sasa limekuwa saumu. Siku ileile, kwenye njia ya kwenda kambi ya Kibo, mgeni akaniomba nimsaidie mkanda wa begi akatumia neno "fasten", na tulipopumzika mchana wakasema mwenzao yuko "fast asleep", yaani usingizi umemshika barabara. Maneno manne ya ukoo mmoja kwa siku moja! Nilimuuliza yule mgeni wa kike, naye akasema asili yake ni uimara, kushika kitu kisilegee. Aliyeshika saumu ameshikilia. Aliyelala fofofo ameshikwa. Na aliyekimbia kwa nguvu zote, zamani, ndiye akaja kuwa mwenye haraka.

Kisha nikakaa juu ya jiwe nikafikiria Kiswahili changu. Tunafunga mlango, tunafunga mkanda, tunafunga Ramadhani. Neno ni lilelile. Watu wa kisiwa kile cha baridi na watu wa pwani hii, bila kuonana, wote walipotaka kumtaja mtu aliyejinyima chakula walichukua neno la kukaza na kufunga. Nilipomweleza yule mgeni alinyamaza muda mrefu. Halafu akanitaka nimtajie vingine tunavyofunga: ndoa, goli, safari. Hadi tunafika Kibo alikuwa anarudia "funga safari, funga safari" huku anahema.

Tangu siku hiyo nikiambiwa neno huuliza na ukoo wake. Wengi hawaujui, na si vibaya. Hata mimi sikujua asili ya maneno yangu mwenyewe. Ila mara mojamoja anapanda mtu anayejua. Mmoja alikuwa mwalimu wa chuo kutoka Uholanzi, mwenye kusomesha Kiarabu. Usiku wa Kibo, mita zipatazo 4,700, maji kwenye ndoo yameanza kushika barafu, nikamwambia joto liko chini ya sifuri. Alikamata lile "sifuri" kama mtu aliyeokota noti. Akanieleza kwamba Waarabu walisema sifr, yaani kitu kitupu. Neno likaenda Ulaya likazaa "zero", na likazaa pia "cipher", ambalo ni maandishi ya siri. Likaja na huku likakaa sifuri. Akaendelea kwenye kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Sharubati yetu na "sherbet" yao, na "syrup" pia. Msimu wetu na "monsoon" yao, iliyopitia kwa Wareno. Amiri wetu, kama amiri jeshi mkuu, na "admiral" wao wa majini. Diwani wetu na "divan" yao ya kukalia.

Lililonipendeza zaidi ni hazina. Kiarabu kina makhazin, maghala, kutoka mzizi uleule wa hazina. Waingereza wakalichukua likawa "magazine", ghala la baruti, kisha sehemu ya bunduki inayohifadhi risasi. Mwaka 1731 jarida moja la London likajiita The Gentleman's Magazine, kwa maana ya ghala la habari, na ndipo jarida likapata jina hilo mpaka leo. Kwa hiyo mweka hazina wa kanisa letu na gazeti la picha ambalo wageni huliacha kibandani ni ndugu.

Nimekutana na Waswahili wengi wanaoona kwamba ili ujue Kiingereza inabidi ukisukume Kiswahili kando. Kuna shule zinamwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili uwanjani. Jambo hili linaniuma. Mtoto anayejua sifuri, hazina, msimu na kufunga ana nusu ya njia mkononi, halafu anaambiwa aiteme. Mgumu yule wa Tanga alikuwa na babu aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge enzi za Mwingereza. Walioletwa kutoka mbali kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu waliandikishwa kwa namba. Jina hilo ni Kiingereza kilichoingia kwetu kikiwa kimebeba jasho la watu. Madigadi ya baiskeli ni Kiingereza. Kipilefti ya mnara wa saa pale Moshi ni Kiingereza: ukifika pale, kaa kushoto. Tumekuwa tukizungumza na lugha hii zaidi ya miaka mia. Nayo imechukua kwetu: safari, bila shaka, na vijana waliokuja na mchezo wa kupanga vijiti wa Jenga hawakujua wanataja kitenzi chetu hadi wagumu walipoanza kuwashangilia, "Jenga! Jenga!" Aliyeutoa mchezo huo sokoni London mwaka 1983, Leslie Scott, alikulia Afrika Mashariki.

Yote hayo ni raha. Kuna upande mwingine wa maana ya maneno, na huo niliujifunza kwa hofu.

Kijana mmoja Mwingereza, mrefu, mkimya, alikuwa na kundi letu. Horombo aliulizwa hali, akasema "I'm fine." Kibo, "Fine, just a bit tired." Usiku wa kileleni tuliondoka karibu saa sita, taa za kichwani zimejipanga kama siafu. Baada ya pango la Hans Meyer nilimuuliza tena. "Not too bad." Mimi nikatafsiri kichwani neno kwa neno: yuko vizuri, amechoka kidogo, si mbaya sana. Nikampa maji, tukaendelea. Mzee alikuwa nyuma. Karibu na Gilman, kwenye ukingo wa kreta, mita 5,685, alimwona kijana anakanyaga kama mlevi, akatusimamisha. Akamwambia atembee kwenye mstari, kisigino kwa ncha ya kiatu, hatua chache tu. Hakuweza. Mzee hakuuliza tena kitu. Tulimshika mkono huku na huku tukamteremsha hapohapo, gizani, kwenye changarawe, na alipofika chini hadi Horombo ndipo maneno yake yakaanza kunyooka.

Ubongo ukianza kuvimba kwa sababu ya mwinuko, dawa ya kwanza ni kushuka, na kila saa ina thamani. Mimi nilikuwa nimeipoteza saa moja kwa sababu ya neno "fine".

Nilikaa nalo hilo siku nyingi. Mzee aliona. Tukiwa njiani kushuka, msituni, akaniuliza: "Mama yako akiamka anaumwa, jirani akimuuliza habari za asubuhi, anajibu nini?"

"Nzuri."

"Halafu?"

Halafu anasema, ila. Nzuri, ila mguu ulinisumbua usiku. Salama tu, ila mtoto amelazwa. Hata kwenye msiba salamu inajibiwa nzuri kwanza, ndipo habari yenyewe ifuate. Tangu nimezaliwa nimekuwa nikiisikiliza hiyo "ila" bila kufundishwa. Kumbe "fine" ya yule kijana ilikuwa "nzuri" ya mama yangu, na "a bit tired" ndiyo ilikuwa ila yake, imesemwa kwa sauti ndogo kama wanavyosema kwao. Mmarekani aliyechoka vile angeniambia amekufa. Yule alisema kidogo, na kidogo yake ilikuwa nyingi.

Siku hizi siulizi mgeni kama yuko sawa. Nauliza umekula nini, umelala saa ngapi, umekojoa lini. Nauliza kichwa kinauma wapi, aguse kwa kidole, kisha namtajia maneno achague: "dull", kama uzito; "sharp", kama sindano; "throbbing", kinapwita kama jipu. Hayo nayajua kwa watu, kila moja na uso wake. Kizunguzungu ni "dizzy", ganzi ni "numb", kichefuchefu ni "nausea". Nimewafundisha wagumu wote ninaopanda nao hayo kabla ya "welcome" na kabla ya "my name is". Mpagazi ndiye anayemwona mgeni akishindwa kushika kijiko, na mpagazi asipokuwa na neno la kumpelekea kiongozi au la kumuuliza mgeni, anajua jambo peke yake.

Nimebakiza neno moja ambalo bado naongeza kurasa zake.

Mwanzoni, mgeni akijikwaa nilikuwa nasema "sorry". Ni pole yetu, niliitafsiri hivyo, na kila Mtanzania hufanya hivyo. Wageni wakawa wananijibu, "It's not your fault." Si kosa lako. Mara ya kwanza nilidhani nimewaudhi. Baadaye nikaelewa kwamba kwao "sorry" ni samahani zaidi kuliko pole, nikaacha kuisema. Nikawa kimya mtu akianguka mbele yangu, na ukimya ule ulinikera, kwa sababu kwetu anayemwona mwenzake akijikwaa asiseme pole hana utu.

Ikatokea safari moja, Horombo, mahali ambapo simu inashika mtandao, mgeni wetu akapokea habari kwamba baba yake amefariki. Mtu mzima, wa miaka hamsini na kitu. Alitoka kibandani akasimama nje anaangalia mawingu yaliyo chini yetu. Nilimfuata sina neno. Kwa Kichagga ningejua pa kuanzia, kwa Kiswahili ningejua. Kiingereza changu chote, madaftari yote, hakikunipa kitu ila kile nilichokuwa nimekiacha. Nikasema, "I'm sorry." Nilijiandaa kuambiwa si kosa lako. Akanigeukia akasema, "Thank you." Akanishika bega. Tukasimama hivyo.

Nikaja kujua kwamba "sorry" kwa asili yake ni neno la maumivu. Linatoka kwenye "sore", kidonda, kuuma. Kwenye Kiingereza cha kale aliyesema yuko hivyo alikuwa anasema nimejaa uchungu. Samahani ilikuja baadaye. Kwa hiyo mpagazi wa Marangu anayemwambia mgeni "sorry" kwa kujikwaa amelirudisha neno kwenye shina lake bila kujua, na mimi siku hizi nalisema tena. Mgeni akinijibu si kosa lako, namweleza kuhusu pole. Sijaona aliyechoka kunisikiliza.

Mwezi wa nne na wa tano mlima unapoa kwa ajili ya masika. Wagumu wadogo hunijia nyumbani Jumamosi, saba, wakati mwingine kumi, tunakaa barazani na ndizi za kuchoma. Sharti ni moja, kila mmoja aje na neno alilolisikia kwa mtu, na ajue aliyelisema. Jumamosi iliyopita dada mmoja wa kule Mamba, jirani na Marangu, msimu wake wa kwanza, alikuja na "cheeky". Alikuwa amempita mgeni mmoja, babu wa Kiingereza, njiani juu ya Mandara, mzigo kichwani, akamwambia, "Pole pole, babu." Yule babu akamwambia, "You're cheeky." Aliporudi nyumbani akatafuta kwenye kamusi akaona ni mtu asiye na adabu. Mwezi mzima amekuwa na dukuduku.

"Alikuwa anacheka?" nikamuuliza.

"Alicheka mpaka akasimama."

"Kesho yake alikusalimia?"

"Aliniita kwa jina. Akanipa chokoleti."

Mmoja akasema basi ni mchokozi. Mwingine akasema hapana, ni mtundu, vile mama anavyomwita mtoto anayempenda. Wa tatu akaleta jeuri, tukamkatalia. Mtu akataja utani, kwamba yule babu alimchukua dada yetu kama mtani wake, na hapo tukabishana nusu saa, mvua inapiga mabati. Nikamwambia kwamba "cheek" ni shavu, wote wakajishika mashavu, na halikutusaidia kuamua.

Yeye mwenyewe hakukubali lolote kati ya hayo. Alisema anataka kwanza amsikie mtu wa pili akilitumia. Akaandika: "cheeky", babu wa Kiingereza, juu ya Mandara, anacheka, mimi nimebeba begi lake. Upande wa maana akauacha wazi. Anapanda tena Juni.